Maziwa Matano ya Meja

Mmeniuliza mara nyingi, nyumbani Mengo na hata msikitini, kilichotupata wiki ile ofisi yetu nzima ilipopelekwa Toro "kutembea". Nimekuwa nikiwajibu kwamba kule kuna baridi na milima ni mizuri. Nilikuwa nawadanganya. Leo nimekaa na kalamu na hasira yangu yote niwaandikie mambo yalivyokuwa. Mkishasoma, karatasi hizi zitieni kwenye sigiri mchemshie chai, hata kama chai yenyewe haina sukari.

Kazini kwangu mnapajua. Ni kiwanda cha sabuni ambacho tangu mwaka jana hakijatoa hata kipande cha kunawia mikono. Wenyewe walipofukuzwa nchini, kiwanda alipewa Meja, ambaye kabla ya hapo alikuwa akisimamia magari ya jeshi. Sabuni haijui, hesabu haijui, lakini bastola yake huiweka juu ya meza tunapomletea karatasi za kutia sahihi. Siku moja, kwenye mtoto wa meza ya Mhindi aliyemwachia kiti, akakuta ramani iliyochorwa kwa penseli. Ilionyesha njia ya mzunguko kusini mwa Fort Portal, inayopita misituni juu ya vilima na kugusa maziwa matano, safari ya siku moja. Mhindi yule alikuwa akienda kuitembea na watoto wake kila likizo. Meja akaamua kwamba na sisi tutaitembea, tupungue matumbo, kisha apeleke ripoti kwa wakubwa. Habari za vibali na mihuri naziacha, hazina ladha.

Eneo la Viwanda hadi Nateete

Tulipanda lori alfajiri ya Ijumaa, watu ishirini na wanne, tukiwa tumekalia magunia matupu. Meja alikaa mbele na dereva.

Tulisimama Nateete kumchukua Mzee Kasule. Huyu ndiye mtunza stoo wetu, Mganda aliyepita umri wa makamo, kichwa cheupe, mtu ambaye tangu kiwanda kifunguliwe hajawahi kupoteza hata ufunguo. Ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi lazima ajidunge sindano. Wiki mbili kabla ya safari alileta barua ya daktari akiomba kupumzishwa kazi, arudi kwenye migomba yake. Barua kama hiyo bila sahihi ya Meja ni karatasi ya kufungia njugu. Na kuacha kazi bila ruhusa siku hizi kunaitwa hujuma. Mtu wa mwisho kuacha hivyo alifuatwa nyumbani na watu wa miwani myeusi, na mkewe bado anazunguka kuuliza.

Meja aliisoma barua ile mbele yetu sote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Daktari nasema wewe iko mgonjwa," alimwambia. "Lakini daktari hapana kuona wewe mlimani. Mimi nitaona wewe mlimani. Kama iko mgonjwa kweli, mimi nitaweka sahihi. Kama iko uvivu tu, utajua mimi ni nani."

Sasa niambieni, nani angepima kati ya ugonjwa na uvivu? Ni yeye Meja. Basi ndivyo Mzee Kasule alivyopanda lori letu, amevaa kanzu chini ya koti lake la kazi, na mfukoni ana vijiko vinne vya sukari vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Sukari hiyo bintiye aliipangia foleni siku mbili.

"Hii ni ya nini, Mzee?" nilimuuliza, maana nilidhani anaogopa kuikosa chai.

"Hii ni dawa, mwanangu. Mimi nikipiga sindano halafu sikula, sukali inashuka. Natetemeka, nasema maneno kama mulevi. Nikipata kitu tamu mbio mbio, napona. Nikikosa, kwisha."

Yaliyotokea baadaye msiseme hatukujua. Mimi nilijua kabla ya kufika Busega.

Nateete hadi Mubende

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kabla ya Mityana. Wanajeshi wanne, gogo la mti katikati ya barabara, na chupa mbili tupu chini ya kivuli. Mngetegemea kwamba gari lenye Meja ndani litapita. Sivyo. Meja wetu na koplo wa pale walikuwa wa vikosi tofauti, na vikosi hivyo siku hizo vilikuwa havitazamani usoni. Koplo alimsalimu Meja kwa adabu zote, kisha akatuteremsha sisi.

Kila mtu akageuzwa mifuko. Walipofika kwa Mzee Kasule, koplo akafungua kile kipande cha gazeti.

"Hii nini?"

"Sukali ya dawa, ssebo. Mimi ni mugonjwa."

"Magendo," koplo akasema.

"Vijiko vinne, ssebo, magendo gani?"

Koplo akalamba kidole, akachovya, akaonja. Kisha akakiinua kile kigazeti akakimimina chote mdomoni, kama mtoto anayekula unga wa maziwa. Alitafuna. Nilimwona akitafuna. Wenzake walicheka, na Namusoke, mpiga chapa wetu, msichana mrefu wa Ntinda asiyejua kuficha uso, akasema "Bambi!" kwa sauti, yaani maskini, nikamfinya mkono anyamaze. Nimejuta kumfinya.

Mimi ndiye ningeweza kusema neno. Nyinyi mnajua kabila langu. Mnubi ofisini siku hizi ni kama moshi jikoni, akiingia watu wanakohoa na kunyamaza. Wananidhania mpelelezi. Meja mwenyewe huniita "ndugu yangu" kwa sababu tunazungumza Kinubi, na hata koplo yule alikwishanisalimu kwa lugha hiyo. Ningemwambia: huyu ni mgonjwa, mrudishie. Nilitazama nyasi. Tulikaa pale saa mbili na nusu bila sababu, jua likipanda, mpaka wakachoka na sisi.

Mubende tulinunua gonja za kuchoma na mahindi. Mzee alikula gonja mbili taratibu, akanipa kipande, akanitania kwamba Wanubi hatujui kuchoma ndizi ila kuchoma nyumba za watu. Nikacheka. Alikuwa mtu pekee ofisini aliyenitania, na dhihaka ile ilinipendeza kuliko salamu za wengine wote.

Mubende hadi Fort Portal

Hapa sina mengi. Vumbi jekundu, pancha mbili, na Meja akiimba. Tulifika jioni tukiwa wote rangi moja. Tulilazwa kwenye darasa la shule, wanawake huku, wanaume kule. Wenyeji walitupikia ugali wa ulezi na firinda, yale maharage yaliyomenywa ngozi na kupondwa kwa siagi ya ng'ombe, chakula alichokuwa akinipikia marehemu mama yangu, ambaye alikuwa Mtoro wa huko huko. Kwa sababu yake Meja alinifanya mkalimani. Kwa sababu yake pia niliyajua maziwa yale. Nilichunga mbuzi wa mjomba wangu kuzunguka maziwa hayo kila likizo mpaka nilipobaleghe. Kila njia pale miguu yangu inaijua.

Kabla hatujalala Meja alituonyesha ramani ya Mhindi kwa tochi. "Kesho maziwa tano," alisema. "Lori litatungoja kwa ziwa ya tano na chakula. Hapana mtu kubeba chakula. Mwanajeshi nakula akimaliza kazi."

Mzee Kasule aliinua mkono. "Afande, mimi nikipiga sindano..."

"Mzee, kesho. Kesho."

Ziwa la kwanza

Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito. Mzee alijidunga sindano yake, akala viazi viwili na uji usio na sukari, kisha tukaanza kupanda. Mwinuko ule ni mkali lakini si mrefu. Ukifika juu ya ukingo, njia inagawanyika. Ya kushoto inafuata mgongo wa kilima ndani ya msitu na kukupeleka kwenye maziwa mengine. Ya kulia inateremka hadi ziwa la kwanza, inalizunguka lote, kisha inapanda tena na kukurudisha pale pale ulipotoka.

Meja alitazama ramani, akaigeuza, akaigeuza tena, akashika kulia.

Hilo halikuwa kosa. Ziwa la kwanza nalo lilikuwa kwenye ramani. Tuliteremka chini ya miti mikubwa, mbega weupe na weusi wakiruka juu yetu, na maji yakaonekana chini, ya kijani, yametulia ndani ya shimo lake. Kusema haki ya Mungu, ni pazuri, na inaniudhi kwamba sasa sipakumbuki kwa uzuri huo. Tulipofika ng'ambo tulimkuta mwanamke wa makamo akipalilia maharage kando ya njia. Akaweka jembe chini, na kabla ya kitu chochote akaniuliza empaako yangu.

Kwa msiojua, hiyo ndiyo desturi ya Toro. Kila mtu, licha ya jina lake, ana jina jingine la heshima, empaako, linalotoka kwenye majina machache tu yasiyozidi kumi na mawili. Huwezi kumsalimu mtu mpaka ujue lake. Unauliza mara moja, mkutanapo mara ya kwanza. Baada ya hapo unamwita kwalo, na kumuuliza tena ni kumtukana kwamba umemsahau. Nikamwambia mimi ni Araali. Naye akasema ni Adyeri. Tukasalimiana vizuri, nikasikia sauti ya mama kabisa.

"Anasema nini?" Meja akauliza.

"Anatukaribisha, afande."

"Mwambie hii ni ziwa namba moja!"

Tukamaliza mzunguko na kupanda. Ilituchukua saa moja na nusu hivi. Tulipofika juu, pale njia inapogawanyika, Meja hakutazama kushoto. Ukungu ulikuwa bado. Akashika kulia kwa mara ya pili.

Ziwa la pili

Nilimwona. Namusoke alimwona, maana alinitazama macho yametoka. Mhasibu alikwishafunga leso yake kwenye tawi pale juu ili aikaushe jasho, akaisahau, na tulipopita aliichukua, akaitia mfukoni harakaharaka kana kwamba ameiiba. Watu ishirini na wanne, wote isipokuwa Mzee Kasule aliyekuwa akitazama miguu yake tu, walijua kwamba tunateremka kwenye ziwa lile lile. Hakuna aliyesema.

Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu akiwa mjinga guu linafanywaje. Juzi juzi tu mtu wa mauzo alimsahihisha Meja kwenye hesabu ya mapipa, alisahihisha kwa upole, na akaondoka ofisini katikati ya watu wawili. Tangu hapo Meja akisema mbili na mbili ni saba, tunaandika saba. Kwa hiyo maji yalipoonekana na yeye akapaza sauti, "Ziwa namba mbili!" tulipiga makofi. Mimi nilipiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko wengi.

Kisha tukamfikia Adyeri. Alikuwa ameshasogea mistari kadhaa na jembe lake. Akainuka, akatabasamu, akapaza sauti kwa furaha, "Araali! Mmesahau nini?"

Meja akasimama. "Huyu mwanamke amejuaje jina yako?"

Nikajilazimisha kutabasamu.

"Afande, huku kila mwanaume anaitwa hivyo," nikasema. "Ni majina machache tu. Wakibahatisha wanapata."

"Na nyingine amesema nini?"

"Anatukaribisha."

Meja akafikiri. "Watu ya hapa iko na adabu," akasema, "mpaka nguo yao nafanana." Tukaendelea. Adyeri alibaki ananitazama, tabasamu limemtoka. Alikwishaelewa kwamba mwana wa kabila lake ni mwongo, ila sababu ndiyo hakuijua.

Mzee Kasule alikuwa nyuma yangu. Nilipomtazama, shingo ya koti lake ilikuwa imelowa, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilimpa mkono kwenye mwinuko. Hilo tu ndilo nililofanya. Tulifika juu, na njia ya kushoto ilikuwa pale, pana, ukungu umeondoka, hata kipofu angeipapasa. Meja akashika kulia.

Ziwa la tatu

Tuliteremka kwa mara ya tatu. Hapo hata ndege walikuwa wametuzoea. Meja aliimba, nasi tukaitikia. Tulipokaribia shamba la Adyeri, Mzee Kasule alitoka kwenye mstari. Alitembea kama mlevi, miguu imepishana, mpaka akafika mbele ya Meja, akamsimamia njiani. Uso ulikuwa wa majivu.

"Hii ziwa ni ile," alisema kwa sauti kubwa. "Ni ile ile. Tunazunguka tu. Wewe unapoteza watu, wewe Meja. Lamani unaishika miguu juu."

Mkono wa Meja ulikwenda kiunoni.

"Umesema nini?"

"Ni ile ile!" Mzee akacheka, kicheko kisichokuwa chake. "Ile mama, ile jembe, ile mahalage! Hawa wote wanajua. Uliza Lamazani." Lamazani ndiye mimi.

Meja akatugeukia. Hakuuliza kwa kelele. Alianzia mwanzo wa mstari, mmoja mmoja, kidole usoni: "Hii ziwa ni mpya au ni ile?"

"Mpya, afande," alisema mhasibu.

"Mpya, afande."

"Mpya, afande."

Nyinyi mtasema walikuwa waoga. Ndiyo, lakini sikilizeni hesabu iliyokuwemo vichwani mwetu, maana ndiyo inayonichoma. Tukisema mpya, basi Mzee ana wazimu, ni mgonjwa, na mgonjwa hapigwi risasi. Tukisema ni ile, basi Mzee amemtukana Meja mbele ya watu akiwa na akili zake. Uongo ndio uliokuwa kinga yake. Ndivyo nilivyojiambia kidole kilipofika kwangu.

"Ndugu yangu?"

"Ni mpya, afande," nikasema. "Mzee anaumwa. Sukari imemshuka, anahitaji kitu kitamu, haraka."

"Anaumwa? Huyu amelewa!" Lakini mkono ulitoka kiunoni. Mzee alikuwa ameshakaa chini, kisha akalala. "Mwache hapo. Akiamka, atafuata. Twende, ziwa bado mbili!"

Hapo Namusoke alifanya jambo ambalo wanaume ishirini hatukulifanya. Alikaa chini kando ya Mzee, akavua viatu, akaviweka pembeni vizuri kama mtu aliyefika nyumbani.

"Mimi siendi," alisema.

"Wewe nasema nini?"

"Miguu yangu imekufa, afande. Wewe unaweza kufanya yote unataka. Siendi."

Meja alimtazama. Nadhani hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu aliyeketi. Mwishowe alitema mate. "Mtatembea kwa miguu mpaka Kampala," akasema, akatoa amri tuondoke. Nikamwambia Adyeri maneno manne kwa Kitoro nikipita, kwamba mzee huyu apewe kitu kitamu. Meja akaniuliza nimesema nini. Nikasema nimemuaga.

Ziwa la nne

Nilitembea mzunguko ule nikimwomba Mungu na kumtukana Meja kwa zamu. Nilimtukana kwa Kinubi, kwa Kitoro, kwa Kiganda, yote kimoyomoyo. Tulipanda, tukafika juu, na nilikuwa nimeamua kwamba akishika kushoto nitamwambia tumesahau watu wawili, na akishika kulia nitanyamaza, kwa kuwa tutawakuta. Mnaona akili ilivyofika? Nilikuwa nauombea ujinga wake. Akashika kulia.

Tukateremka. Tukapinda kona ya mwisho. Na pale mbele yetu, kwenye mkeka wa Adyeri, watu tuliowaacha nyuma walikuwa wamekaa wakitungoja. Mzee Kasule alikuwa ameegemea mgomba, kibuyu cha asali magotini, anamenya ndizi mbivu. Rangi imemrudia. Namusoke alikuwa peku, anakula maharage.

Meja alisimama. Alitazama nyuma kwenye njia, akatazama mbele. Niliuona uso wake ukifanya kazi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaelewa wakati ule au alikuwa ameshaelewa tangu mwanzo na kuamua kwamba ziwa litatii.

"Nyinyi," alisema polepole. "Mimi niliacha nyinyi nyuma. Mmefikaje hapa mbele yangu?"

Namusoke alifungua mdomo, nikajua huyu sasa atatuua. Mzee akamuwahi. Alisimama, akashusha kanzu yake, akajibu kwa heshima zote za stoo:

"Tumepita njia ya mukato, afande."

Kisha Meja akacheka. Alicheka mpaka akajipiga paja. "Mnaona?" akatupigia kelele. "Mnaona hii mzee? Nyinyi vijana nachoka, yeye amepita nyinyi wote! Mzee, wewe ni namba moja!" Akampigia saluti. Akamwambia, kwa kuwa anajua njia za mkato, atuongoze hadi ziwa la tano.

Mzee alimwangalia Adyeri, naye akaonyesha kwa kidevu. Tukapanda. Juu, kwa mara ya kwanza siku ile, tukashika kushoto. Kwa mwendo wa saa moja tukakuta lori, ziwa jingine kweli, na sufuria ya wali uliopoa. Meja akatangaza maziwa matano. Tukapiga makofi, na nilikula kwa pupa, kwa sababu tumbo halina aibu.

Kampala

Kurudi hakuna cha kusimulia. Koplo wa Mityana hakuwepo, alikuwepo mwingine.

Jumatatu Meja alituita wote. Ripoti ya maziwa matano ilikuwa imepigwa chapa na Namusoke mwenyewe, uso umekunjana kama ndimu iliyokaushwa. Tulitia sahihi mmoja mmoja. Kisha Meja akaitoa barua ya daktari mfukoni, ile ile, ina vumbi la Toro kwenye mikunjo.

"Daktari nasema mtu huyu hawezi kazi," akasema. "Mimi na macho yangu nimeona mtu huyu kushinda nyinyi wote. Daktari ni mwongo." Akaichana mara mbili. Akatangaza kwamba kuanzia wiki hiyo Mzee Kasule ataongoza mazoezi ya wafanyakazi kila Jumamosi asubuhi.

Watu walipiga makofi. Nasema tena ili msidhani nimekosea kuandika. Tulipiga makofi.

Jioni nilishuka stoo. Mzee alikuwa amekaa kwenye pipa tupu, funguo zikiwa mkononi. Nikafunga mlango. Nikamwambia nataka kumwomba radhi, lakini sikujua nianzie wapi, basi nikaanza kumlaani Meja. Alininyamazisha kwa mkono.

"Mama yako ni Mutolo," alisema. "Wewe ulijua njia?"

"Nilijua, Mzee."

"Toka lini?"

"Toka tulipofika juu mara ya kwanza. Nimechunga mbuzi pale."

Alitikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningependa anizabe kofi.

"Meja, sawa, huwezi kumwambia," alisema. "Mimi pia nisingemwambia kama akili ingekuwa ndani. Lakini mimi nilikuwa nyuma yako, Lamazani. Hatua mbili. Ungenong'ona mimi tu: Mzee, tunazunguka. Mimi ningekaa pale kwa yule mama tangu asubuhi, ningesema kifundo kimeumia. Nyinyi mungenipitia. Leo ningekuwa mugonjwa, na balua ingepata sahihi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wallahi, saa zote zile, mizunguko yote ile, sikulifikiria hata mara moja.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" akauliza. "Uliogopa nini? Uliniogopa mimi?"

Watu ofisini wananiogopa wakidhani nitawachongea, nami nilikuwa nikifikiri hakuna kitu kibaya zaidi ya hicho. Nilimtazama mtu pekee anayenitania, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nateete nikasema kweli.

"Ndiyo, Mzee," nikamjibu. "Hata wewe."